Kufanya kazi kihalali Marekani ukiwa na viza ya mwanafunzi F-1: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kama I-20 yako (ile fomu chuo kilikupa ukaombea viza) iko karibu ichukue uiweke mezani, maana tutaisoma pamoja. Ukurasa wa kwanza kuna tarehe ya kuanza masomo na tarehe ya kumaliza, hizo mbili zitatusumbua mpaka mwisho wa mwongozo huu. Ukurasa wa pili kuna sehemu ya ruhusa za kazi, na kwa mwanafunzi mgeni hapo pako tupu kabisa. Watu wengi hawajawahi hata kuufungua huo ukurasa wa pili, wanaupeleka chuoni usainiwe wakiwa na safari basi.

Sasa kitu cha kwanza kuelewa, ile viza iliyobandikwa kwenye pasipoti haina uhusiano wowote na kazi. Viza ni ya kukupitisha mlangoni tu. Kinachokuweka ndani ni stetasi yako, na stetasi inaishi kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali unaoitwa SEVIS, ambao chuo kinaujaza habari zako kila muhula. Anayeujaza ni afisa wa chuo aliyesajiliwa serikalini, kifupi chake ni DSO, yule unayemkuta ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Mjue kwa jina. Msalimie. Huyo ndio mtu wako, sio rafiki yako aliyekaa Texas miaka 9 anayejua kila kitu.

Na swali la kuuliza kabla ya kukubali kazi yoyote sio "je naruhusiwa?" Uliza hivi: nani anatoa ruhusa ya kazi hii, na ruhusa yake inaandikwa kwenye karatasi gani? Kuna kazi ruhusa inatoka chuoni tu, kuna kazi DSO lazima aichape kwenye I-20, na kuna kazi lazima usubiri kadi kutoka USCIS, yani idara ya uraia na uhamiaji. Ukishindwa kujibu hilo swali kazi hiyo usianze, hata siku moja, hata kama bosi anasema tutamalizia makaratasi wiki ijayo.

Hatua ya 1: kazi za ndani ya chuo

Hii ndio rahisi kuliko zote na unaweza kuanza mwaka wa kwanza, tena sheria inaruhusu kuanza mpaka siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye I-20, ukishakuwa umeingia nchini. Huhitaji kuomba chochote USCIS. Maktaba, mgahawa wa chuo, mapokezi, maabara, kufundisha wenzako hesabu, kusimamia bweni, usaidizi wa utafiti kwa wale wa masters na PhD, zote humo.

Mpaka wake ni masaa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Likizo rasmi unaweza kufanya muda wote kama unaendelea na masomo muhula unaofuata. Hapa ndio watu wanajikwaa kwa sababu wanahesabu vibaya. Masaa 20 ni jumla ya kazi ZOTE za kampasi, sio kila kazi masaa 20. Ukiwa na masaa 15 maktaba na 10 mgahawani umeshavuka. Na sio wastani pia, huwezi kufanya 26 wiki hii alafu ukafanya 14 wiki ijayo ukasema nimesawazisha, kila wiki inahesabiwa peke yake. Kama uko kwenye usaidizi wa ualimu au utafiti ambao mkataba wake unasema masaa 20, umejaa, usiongeze hata lisaa limoja la kuuza tiketi za mpira.

"Ndani ya chuo" maana yake nini hasa? Sio lazima mwajiri awe chuo chenyewe. Kampuni binafsi inayoendesha duka la vitabu au mgahawa pale kampasi na kuhudumia wanafunzi inakubalika. Lakini kampuni ya ujenzi inayojenga bweni jipya pale pale kampasi haikubaliki, kwa sababu haitoi huduma kwa wanafunzi hata kama kiwanja ni cha chuo. Pia kuna sehemu za nje zenye uhusiano wa kimasomo na chuo, mfano maabara ya utafiti yenye mkataba na idara yako, hizo zinaweza kuhesabiwa kampasi ila usijiamulie, muulize DSO akujibu kwa email.

Ukishapata kazi mambo yanaenda hivi. Unachukua barua kutoka kwa atakayekuajiri na barua ya DSO, unaenda ofisi ya Social Security na pasipoti, I-20 na I-94 (hii ni rekodi yako ya kuingia nchini, unaidownload mtandaoni bure) unajaza fomu SS-5 ya kuomba namba ya Social Security. Usikimbilie huko siku ya pili baada ya kushuka ndege, ushauri wa kawaida ni kusubiri kama siku 10 ili mifumo yao isomane, la sivyo utarudishwa nyumbani na foleni umepanga. Namba ikiwa bado haijatoka unaweza kuanza kazi huku unasubiri. Lakini fomu I-9, ile ambayo mwajiri anathibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, inatakiwa ikamilike ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze. Alafu kuna W-4 ya kodi, na mambo ya kodi tutayafikia mwishoni.

Niseme ukweli kuhusu hela. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa na hakijapanda tangu 2009, kwahiyo masaa 20 kwa kima hicho ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. Majimbo mengi yanalipa zaidi ya hapo lakini hata ukizidisha mara mbili hiyo sio hela ya ada. Ni ya simu, chakula, nauli, na kumtumia mtu nyumbani kidogo mwezi ukiwa mzuri. Anayekuja na mpango wa kwamba kazi ya kampasi italipa ada ya chuo anajidanganya, na huyo ndio anaishia kwenye michongo nitakayoisema huko mbele.

Vitu viwili vya haraka kabla hatujatoka hapa. Tarehe ya kumaliza kwenye I-20 ikifika, kazi ya kampasi inakufa siku hiyo hiyo, hata kama bosi wako anakupenda na ratiba ya wiki ijayo ina jina lako. Na ukihama chuo, siku rekodi yako ya SEVIS inapohamishwa ndio siku unayoacha kazi chuo cha zamani.

Hatua ya 2: mwaka wa kwanza nje ya kampasi ni marufuku, tumia muda huo kujipanga

F-1 anatakiwa kumaliza mwaka mzima wa masomo kabla ya kufikiria kazi ya nje. Msamaha mkubwa ni kwa masters au PhD ambazo mtaala wenyewe unalazimisha mafunzo kazini tangu mwanzo. Kwahiyo huu mwaka piga GPA, beba kozi kamili (kwa digrii ya kwanza ni kawaida krediti 12 kila muhula, ukishuka bila ruhusa ya DSO umevunja stetasi na mambo mengine yote yanaporomoka), na anza kuulizia idara yako ina kozi gani za mafunzo kazini. Hii ya mwisho watu wanaisahau mpaka kampuni imewapa ofa.

Hatua ya 3: CPT, mafunzo kazini yaliyo ndani ya mtaala

CPT ndio njia ya internship unapokuwa bado unasoma. Ruhusa yake anaitoa DSO mwenyewe kwenye SEVIS, anakuchapia I-20 mpya, na ule ukurasa wa pili uliokuwa mtupu sasa unaonyesha jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kama ni muda wote au nusu muda. Hakuna kadi, hakuna ada ya USCIS. Nzuri sana kwa kweli.

Masharti yake ni kwamba kazi lazima iwe sehemu ya mtaala. Ama digrii yako inadai internship, ama kuna kozi yenye krediti unayojisajili ambayo kazi hiyo ndio somo lenyewe. Kwahiyo hatua zinakuwa: pata ofa, omba barua ya ofa yenye jina la kampuni, anwani ya sehemu utakayofanyia kazi, tarehe, masaa kwa wiki na majukumu, peleka kwa mshauri wako wa masomo akubali kwamba inahusiana na fani, jisajili kozi, peleka vyote kwa DSO, subiri I-20. Vyuo vingi vinachukua wiki moja au mbili, vingine zaidi, na Mei ndio balaa kwa sababu kila mtu ana internship ya kiangazi.

Ruhusa ni ya mwajiri huyo na tarehe hizo TU. Ukibadilisha kampuni unaomba upya. Kampuni ikisema ongeza wiki mbili, unaomba upya kabla ya hizo wiki hazijaanza. Mimi nilishawahi kuambiwa na meneja "njoo Jumatatu tufanye orientesheni tu, hailipwi", I-20 yangu ilikuwa inaanza Alhamisi. Nikamwambia siwezi, akaona kama namletea mapozi, nikapiga moyo konde nikaenda Alhamisi. Orientesheni ni kazi bwana, asikudanganye mtu.

Kuna hesabu moja muhimu hapa. Ukifanya CPT ya muda wote (zaidi ya masaa 20 kwa wiki) kwa miezi 12 au zaidi, umefuta haki yako ya OPT (ile ruhusa ya kazi ya miezi 12, iko Hatua ya 4) kwenye ngazi hiyo ya digrii. Miezi 11 uko salama. CPT ya nusu muda haigusi OPT kisheria, ila ukiikusanya miaka na miaka utaulizwa maswali.

Na hapa niongee kidogo kuhusu vyuo vinavyojitangaza kwamba ukijiandikisha leo kesho unapewa CPT ya muda wote. Sisemi vyote ni haramu, kuna programu za masters zenye sababu halali. Lakini chuo ambacho darasani hamkutani, mtihani haueleweki na kinachouzwa pale ni ruhusa ya kazi, hicho ni mtego. Na nasema mtego sio kwa mfano, 2019 ilifahamika kwamba kitu kilichoitwa University of Farmington huko Michigan kilikuwa kimeanzishwa na maafisa wa uhamiaji wenyewe ili kunasa watu, hakikuwa na mwalimu wala darasa, na mamia ya wanafunzi walikuwa wamejiandikisha na kulipa. Wengi waliishia kukamatwa au kuondoka nchini. Hela hazikurudi hivi hivi.

Hatua ya 4: OPT, hapa kaa chini usome taratibu

OPT ni miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana moja kwa moja na fani yako, na unaipata mara moja kwa kila ngazi, yani ukitumia ya digrii ya kwanza alafu ukasoma masters unapata nyingine 12. Ukimaliza masters mbili hupati mbili. Unaweza kuitumia kabla ya kumaliza chuo lakini inakatwa kwenye ile 12 (nusu muda inakatwa nusu), kwahiyo karibu kila mtu anaitunza mpaka amalize. Nitaongelea hiyo ya baada ya kumaliza.

Hapa DSO peke yake hatoshi. Unahitaji kadi ya ruhusa ya kazi inaitwa EAD kutoka USCIS, na bila kadi mkononi na tarehe yake kufika hufanyi kazi.

Tuchukue mfano wa tarehe maana bila tarehe haieleweki. Tuseme I-20 inasema masomo yanaisha 15 Mei. Dirisha la kuomba linafunguka siku 90 kabla, yani 14 Februari kama sio mwaka mrefu, na linafungwa siku 60 baada, yani 14 Julai. Ombi liwe limeFIKA USCIS kabla ya dirisha kufungwa, sio limetumwa posta. Na tarehe unayoomba OPT ianze lazima iwe ndani ya hizo siku 60 baada ya kumaliza, kwa mfano wetu kati ya 16 Mei na 14 Julai.

Utaratibu:

Unamwomba DSO aweke pendekezo la OPT kwenye SEVIS, anakuchapia I-20 mpya yenye pendekezo hilo, unaisaini.

Unajaza fomu I-765, mtandaoni au karatasi. Kipengele cha aina ya ombi unaandika (c)(3)(B), hiyo ndio ya baada ya kumaliza. (c)(3)(A) ni ya kabla ya kumaliza na (c)(3)(C) ni ya STEM, ile nyongeza nitakayoieleza chini, ukikosea herufi moja umejipa kazi ya miezi.

Unaambatanisha hiyo I-20 mpya, I-94, pasipoti, picha, na I-20 za nyuma kama ulishafanya CPT. Unalipa ada, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 470 mtandaoni na dola 520 kwa karatasi, ila angalia ukurasa wa ada wa USCIS siku yenyewe ya kulipa kwa sababu ukituma pungufu wanarudisha bahasha nzima. Ukiwa na haraka kuna huduma ya kulipia ili wajibu ndani ya siku 30 za kazi, ni ghali, zaidi ya dola 1,600 juu ya ada ya kawaida.

Na hii iandike kwa wino mwekundu: ombi lazima lifike USCIS ndani ya siku 30 tangu DSO aweke pendekezo kwenye SEVIS. Watu wanachukua I-20 wanaiweka mezani wanasubiri mshahara ili walipe ada, siku ya 34 wanatuma, jibu linakuja baada ya miezi limekataliwa. Ukiwa umeshapitisha zile siku 60 huna pa kurudi, miezi 12 yote imeenda kwa sababu ya siku 4. Hela ya ada iwepo kwanza ndio umwombe DSO.

Kadi ikishatoka kuna saa nyingine inaanza kugonga. Una siku 90 tu za kukosa kazi kwa mwaka mzima wa OPT, na zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye kadi, Jumamosi na Jumapili zimo. Kwahiyo kama huna ofa bado usiwe na kiherehere cha kuchagua tarehe ya mapema, chagua ya karibu na mwisho wa dirisha upate muda wa kutafuta bila saa kugonga. Kama unayo ofa, chagua kulingana na siku ya kuripoti kazini.

Kazi ya OPT inatakiwa iwe angalau masaa 20 kwa wiki na ihusiane na ulichosoma. Inaweza kuwa waajiri wawili wanaojumlika kufika 20. Inaweza kuwa kujiajiri, ukiwa na leseni za biashara na kazi yenyewe ni ya fani yako. Inaweza hata kuwa ya kujitolea bila malipo mradi haivunji sheria za kazi, na hii ndio njia wengi wanatumia kusimamisha ile saa ya siku 90 wakati wanatafuta kazi ya maana. Chochote unachofanya unakiingiza kwenye akaunti yako ya SEVP portal (tovuti ya serikali ya kuripoti kazi ya OPT) au unamripoti DSO ndani ya siku 10: jina la mwajiri, anwani, tarehe, na jinsi kazi inavyohusiana na digrii. Ukihama nyumba pia siku 10. Usiporipoti, kwa mfumo wewe huna kazi, hata kama unaamka saa 11 alfajiri kila siku kwenda ofisini.

Kusafiri: ukishamaliza masomo na ukatoka nje ya Marekani, kurudi kwako kunahitaji kadi ya EAD, barua ya ofa au ushahidi wa kazi, I-20 yenye saini ya DSO ya ndani ya miezi 6, na viza ambayo haijaisha. Viza ikiwa imeisha lazima upange ubalozini upya na hapo hakuna mwenye uhakika. Harusi ya dada ni muhimu najua, lakini fikiria mara mbili.

STEM, miezi 24 ya nyongeza

Kama digrii yako iko kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu (angalia namba ya fani kwenye I-20, inaitwa CIP, ulinganishe na orodha, usitegemee jina la kozi) unaweza kuongeza miezi 24 juu ya ile 12. Ombi linaingia ndani ya siku 90 kabla OPT ya kwanza haijaisha, sio baada, na hapa una siku 60 tangu DSO apendekeze badala ya 30. Ukiwa umeomba kwa wakati na kadi ya kwanza ikaisha huku unasubiri, unaruhusiwa kuendelea na kazi mpaka siku 180.

Ugumu uko kwa mwajiri. Lazima awe amejisajili kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kazi za wafanyakazi, na lazima asaini na wewe mpango wa mafunzo, fomu I-983, unaoeleza utajifunza nini, nani anakusimamia na unalipwa kiasi gani. Kujitolea bure hapa hakuna, na kujiajiri hakuna. Kila miezi 6 unathibitisha kwa DSO kwamba bado upo pale, na tathmini inaandikwa baada ya miezi 12 na mwishoni. Siku za kukosa kazi zinaongezeka 60, jumla 150 kwa kipindi chote. Uliza habari ya E-Verify kwenye interview ya kwanza kabisa hata kama bado uko mwaka wa OPT ya kawaida, kampuni ndogo nyingi hazijajisajili na nyingine hazitaki.

Ukipata shida kubwa ya hela katikati ya masomo

Mfadhili amefariki au biashara yake imeanguka, sarafu ya nyumbani imeporomoka, umeumwa na bili ya hospitali imekuja kama ada ya mwaka. Kwa hali kama hizo kuna ruhusa ya kazi nje ya kampasi kwa ugumu mkubwa wa kiuchumi. Uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo, stetasi safi, na shida iwe haikutarajiwa, yani sio kwamba ulikuja ukijua hela haitoshi. Unaandika barua ya kueleza, unaweka ushahidi (taarifa za benki, cheti cha kifo, bili, mabadiliko ya thamani ya sarafu), DSO anapendekeza kwenye I-20, unatuma I-765 kwa kipengele (c)(3)(iii) ndani ya siku 30. Ikikubaliwa unapata EAD ya mpaka mwaka mmoja, kazi yoyote, sio lazima ya fani, masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Ukihama chuo inakufa. Watu wanaona aibu kuomba hii, wanaona kama kuomba omba, wakati wako tayari kufanya kazi ya wizi wizi usiku. Omba.

Kuna pia njia ya internship kwenye mashirika ya kimataifa yanayotambuliwa kisheria, mfano Benki ya Dunia, kipengele chake ni (c)(3)(ii), wachache wanaijua. Na kama viza yako sio F-1 usitumie mwongozo huu kama ulivyo: J-1 anaomba ruhusa ya maandishi kwa msimamizi wa programu yake, M-1 hafanyi kazi kabisa mpaka amalize na hapo anapata mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, isizidi sita. Mke au mume mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi, wa J-2 anaweza kuomba EAD.

Kupiga boksi na michongo mingine

Sasa tufike huku maana najua kuna msomaji aliruka moja kwa moja mpaka hapa. Kuendesha gari la abiria kwa aplikesheni, kupeleka chakula, kusuka nywele kwa malipo sebuleni, kulea wazee wikiendi ukalipwa mkononi, kudizaini logo mtandaoni, chaneli ya video inayoingiza matangazo unayotengenezea hapo bwenini, yote hayo ni kazi na F-1 hana ruhusa nayo. Kulipwa keshi hakubadilishi kitu. Kuwa na namba ya Social Security hakubadilishi kitu, ile namba ni ya kuripoti mapato sio ruhusa. Kumfanyia kazi kwa kompyuta mwajiri aliyeko nyumbani huku wewe mwili uko Marekani, kabla hujagusa ongea na wakili wa uhamiaji. Kununua hisa na kupata riba benki hiyo sio kazi, fanya.

Uzito wake uko hivi. Mwanafunzi aliyepoteza stetasi kwa mfano kwa kushuka krediti anaweza kuomba arudishiwe, lakini moja ya masharti ya kurudishiwa ni kwamba hakuwahi kufanya kazi bila ruhusa. Kwahiyo zile wikiendi tatu za dola 400 zinakufungia mlango ambao siku moja unaweza kuuhitaji sana.

Na kuna mbaya zaidi, kutumia makaratasi ya mtu. "Tumia jina la binamu, yeye ni raia, mtagawana." Mdogo wangu, kwenye I-9 kuna kisanduku cha kutiki kwamba wewe ni raia wa Marekani. Ukikitiki na wewe sio raia, hilo ni dai la uongo la uraia, na adhabu yake ni kufungiwa mlango wa uhamiaji maisha yako yote, karibu haina msamaha, hata ukija kuoa au kuolewa na raia kesho keshokutwa. Nimeona mtu mwenye watoto wawili pale na mke raia, faili lake limekwama kwa sababu ya tiki moja aliyoiweka ghalani akiwa na miaka 20.

Kodi, na makaratasi ya kutunza

Ukifanya kazi unalipa kodi ya mapato kama wengine, serikali kuu na majimbo mengi. Lakini miaka mitano ya kwanza ya kalenda F-1 kwa kawaida anahesabiwa sio mkazi kwa kodi, na kipande cha mwaka kinahesabika mwaka, kwahiyo kama uliingia Agosti 2022 mwaka wako wa tano ni 2026. Katika kipindi hicho mshahara wako wa kazi iliyoruhusiwa haukatwi michango ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee), yani asilimia 6.2 na 1.45. Kwenye dola 1,000 hiyo ni dola 76.50 kila mara! Kampuni nyingi za OPT hazijui wanakata tu. Angalia slipu ya kwanza, ukiona wamekata waandikie wakurudishie, wakigoma kuna fomu 843 unaipeleka IRS, yani mamlaka ya kodi, pamoja na 8316.

Januari au Februari mwajiri anakupa W-2, karatasi ya mshahara na makato yako ya mwaka. Unajaza 1040-NR (ritani ya kodi ya wasio wakazi) na fomu 8843, mwisho 15 Aprili. Hata kama hukupata senti 8843 unaituma, mwisho wake ni 15 Juni. Programu za kodi wanazotumia Wamarekani wengi ni za wakazi, zitakujazia 1040 ya kawaida na kukupa rifandi ambayo sio yako, alafu IRS watakuja kuidai na riba. Vyuo vingi vinatoa programu ya wasio wakazi bure au kwa bei poa, waulize Februari sio 14 Aprili usiku.

Mwisho nunua faili la plastiki. Weka kila I-20 uliyowahi kupewa hata ile ya muhula wa kwanza yenye kona zilizokunjamana, EAD zote, barua za ofa, slipu, W-2, nakala ya kila kilichotumwa USCIS na risiti yake. DSO wataondoka, kampuni zitafungwa, email ya chuo itazimwa ukishagraduate, na miaka sita baadaye unapobadilisha stetasi kuna mtu nyuma ya dirisha atakuuliza ulikuwa unafanya kazi wapi kiangazi cha mwaka wa pili, na anataka kuona ule ukurasa wa pili.